Moyo wa Shangazi Kwenye Kisahani

Ukifika mtaani kwetu Langa ukauliza anapokaa MamBhele, hutaonyeshwa nyumba. Utaambiwa ufuate moshi. Shangazi yangu anachoma vichwa vya kondoo kando ya barabara, si mbali na stesheni. Vyuma vyake huviacha motoni mpaka vigeuke vyekundu, kisha huvipitisha puani na masikioni mwa kondoo hadi manyoya yote yaishe na harufu ishike nywele za kila apitaye. Halafu anakwangua, anapasua kwa shoka, anatia kwenye mapipa yanayochemka. Pembeni kuna beseni la bati, humo huuza maini, mapafu na mioyo. Husema moyo wa kondoo aliyekimbizwa sana kabla ya kuchinjwa huwa mgumu, hautafuniki. Sijui kama ni kweli, na sijapata namna ya kuhakikisha.

Jina lake ni Nozuko, lakini aliyethubutu kumwita hivyo ni marehemu bibi peke yake. Sisi wengine wote tunamwita kwa ukoo, MamBhele, na watu wazima wenye ndevu huinamisha kichwa kidogo wanapolitamka. Sauti yake inavuka reli. Katika familia yetu yeye ndiye dada mkubwa, kwa hiyo hakuna mke aliyeingia wala jeneza lililotoka bila yeye kusema neno. Baba, ambaye ni mdogo wake, ana kanuni moja tu ya maisha: ukitaka amani, nyamaza mpaka MamBhele achoke. Tatizo ni kwamba hachoki.

Naandika habari zake kwa sababu nilimwona siku sauti ile ilipokataa kutoka.

Mdogo wao wa mwisho alikuwa baba mdogo Mzimasi. Alikuwa fundi bomba, mcheshi, mwembamba, na Jumapili alicheza mpira na wazee wenzake waliokuwa wanajidanganya kwamba bado ni vijana. Mke wake, mama mdogo Nosakhe, alipewa jina hilo na Shangazi mwenyewe siku ya harusi, maana kwetu dada za mume ndio humpa bibi harusi jina jipya. Jumapili moja mama mdogo alipika mahindi na maharage, baba mdogo akala akashiba, akaenda uwanjani. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anaukimbilia mpira, akaanguka, na walipomgeuza alikuwa ameshakwenda.

Hakuwa wa kwanza. Babu alianguka shambani kule Cofimvaba nyuma ya ng'ombe wake, akiwa bado kijana. Kaka yao mwingine alianguka kwenye mbio za shule. Kila kifo kati ya hivyo kilitafutiwa mtu wa kukibeba, na mtu huyo kila mara alikuwa mwanamke aliyeolewa kwetu, au jirani aliyetutazama vibaya.

Makaburini, mchanga ukiwa bado unamwagwa, Shangazi alimgeukia mama mdogo Nosakhe. Hakufoka. Alisema tu, kwa ile sauti yake inayovuka reli, kwamba kaka yake alikula chakula cha mtu huyu mchana, na jioni akawa maiti, na mwenye masikio ajumlishe. Watu walijumlisha. Wengine walisogea hatua moja nyuma, kama vile mama mdogo alikuwa moto. Lizo, mtoto wao, alikuwa mdogo bado, amelala mgongoni mwa mama yake.

Lililofuata lilikuwa baya zaidi ya maneno. Kwetu mjane huvaa nguo nyeusi, na muda wake ukitimia, wanaomvua ni dada za mume. Wao ndio humwosha, huchoma zile nguo, humvika nyingine, ndipo anarudi kuwa mtu kama watu. Muda ulitimia. Mama mdogo alituma ujumbe. Shangazi akajibu kwamba aliyemvua kaka yake uhai anajua kuvua, ajivue mwenyewe. Watu wa kwetu waliurudiarudia msemo huo kama mzaha mzuri.

Basi mama mdogo alikaa na weusi wake hadi majira ya baridi ya pili. Kwenye treni hakuna aliyeketi karibu naye. Alikuwa akiuza maandazi mtaani kwake Khayelitsha, na nani anunue maandazi kutoka mkononi mwa mjane ambaye hata wakwe zake wanaogopa kumgusa? Biashara ikafa. Mwishowe wanawake wa kanisani kwake walikubaliana wabebe wao dhambi ya kuvunja mila, wakamvua. Hatukuambiwa. Tulisikia tu, na Shangazi alipiga kofi mapajani akasema bila shaka, wachawi huvuana.

Miaka kadhaa ikapita, kisha moyo wa Shangazi nao ukapotea njia.

Alianguka pale pale kwenye moshi wake, kiganja kikaungua kwa chuma. Bahati yake, mteja aliyekuwa akisubiri sikio lake la kondoo alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, akamkandamiza kifua mpaka wenzake wakafika. Hospitalini alitiwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kinachoushtua moyo ukianza kukimbia hovyo. Madaktari wakauliza nani mwingine kwenu ameanguka ghafla. Baba akaanza kuhesabu kwa vidole, na kadiri alivyohesabu nikaona uso wa daktari unabadilika.

Ndipo tulipofahamiana na Dokta Apollis. Kazi yake ni magonjwa ya moyo yanayotembea ndani ya ukoo. Ana miwani mikubwa na subira kubwa zaidi, na mimi niliitumia yote. Aliomba damu ya Shangazi ili waangalie jeni zake, na aliomba jambo la pili ambalo nilidhani nimelisikia vibaya: ruhusa ya kuotesha moyo wake kwenye kisahani.

Alinieleza hivi. Unachukua seli za damu, unazisahaulisha kazi yake. Zinarudi utotoni. Zinakuwa seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijaamua ziwe ngozi, ini au mfupa. Kisha unazilisha na kuzielekeza polepole, kila siku bila kukosa, hata Krismasi kuna mtu lazima aje kuzilisha, mpaka zikubali kuwa moyo. Nilimwuliza zinajuaje. Akacheka, akasema swali hilo hilo ndilo linalomfanya aamke asubuhi. Tangu siku hiyo nikikaa darasani naitazama mikono yangu na kufikiri kwamba kila kipande cha ngozi hii kilikuwa na uwezo wa kuwa kitu kingine.

Miezi ikapita. Majibu ya jeni yalitangulia. Baba alipimwa akaonekana hana kosa la jeni, kwa hiyo na mimi sina. Shangazi analo. Siku tuliyoitwa kwenye maabara tulidhani tunakwenda kuangalia maajabu tu. Shangazi alivaa kilemba chake cha harusi na shali ya kubana kwa pini, kama mtu aliyealikwa kwa wakwe.

Dokta Apollis aliweka kisahani chini ya hadubini akamkalisha Shangazi. Alipochungulia tu akarudi nyuma.

"Kinatikisika," akasema.

"Ni moyo wako, MamBhele. Seli zako."

"Kwetu moyo ukifika kwenye sahani umeshaiva."

Wote tulicheka, hata yeye. Zamu yangu ilipofika niliona kitu kama utando juu ya maziwa ya moto, karibu hakina rangi, na kilikuwa kinapiga. Kinajikunja, kinaachia. Hakuna mtu, hakuna kifua, na bado kinapiga. Nilisahau kupumua. Kisha nikaona kwamba kinapiga vibaya: mara mbili, kimya, tena mara nyingi mfululizo kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosea kidato.

Dokta akaleta kisahani cha pili. Seli zilikuwa za Shangazi vilevile, ila humo walikuwa wamehariri jeni. Ndani ya maandishi marefu ya seli wametafuta ile herufi moja iliyokosewa, wakaikata, wakaiandika inavyopaswa. Kilipiga polepole, sawasawa, kama mtu anayetwanga huku akiwaza mengine.

Shangazi alivitazama vyote viwili kwa zamu, muda mrefu. Kisha akasema kwa adabu kubwa kwamba amechagua hiki cha pili, wampe. Dokta akaeleza kwamba bado. Nchi nyingine wameanza kujaribu kushonea viraka vya seli kama hizi juu ya mioyo iliyochoka, lakini safari ingali ndefu. Kwa sasa vile visahani ni vya kujifunza na vya kujaribia dawa, ili asijaribiwe mtu. Lakini vimeonyesha jambo moja bila shaka: ukisahihisha herufi ile, ugonjwa unaondoka. Maana yake kosa ni hilo, si lingine.

"Na nimeipata wapi?" Shangazi akauliza.

"Kwa baba yako."

Dokta hakujua alikuwa anakanyaga wapi, kwa hiyo aliendelea. Alisema kipande cha moyo wa Mzimasi kilihifadhiwa tangu alipochunguzwa baada ya kufa, wamekipima, herufi ni ile ile. Hata asingekula siku ile, hata angekula kwa mama yake mzazi, angeanguka. Akasema pia kwamba kila mtoto wa mtu mwenye kosa hili ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Akauliza kama Mzimasi aliacha mtoto.

Baba akatazama sakafu. Mimi nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na jasho limetoka juu ya mdomo.

"Aliacha mmoja," akasema. "Anapenda kukimbia."

Tulirudi nyumbani. Siku zilizofuata Shangazi aliuza vichwa kimya, na wateja walinunua haraka wakaondoka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa asiyebweka. Baba alitaka ampigie mama mdogo simu aeleze kidaktari. Alipiga. Mama mdogo alisikiliza mwanzo, akauliza kama anayempigia ni mtu wa ukoo wa Bhele, akakata. Alipopiga tena haikupokelewa. Dokta naye alijaribu, akajibiwa kwamba mtoto wake hana ukoo huo. Kumbe Lizo alikuwa ametajwa kwenye timu ya mbio ya shule yake. Hilo alilisikia Baba kwa mtu wa kanisani, akalileta nyumbani akalitua mezani, likakaa hapo katikati yetu.

Shangazi alifungua kabati akatoa kilemba.

Mila inasema aliyekosa haingii. Husimama nje ya geti, akapiga hodi, akangoja aulizwe anataka nini, hata jua likimla. Tulikwenda watatu, Baba akiwa mwanamume wa kutusindikiza na mimi nikiwa mtu wa kutamka jina la ugonjwa. Nyumba ya mama mdogo ni ndogo, ya mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, na alikuwa anaanika nguo. Alituona. Aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akaja, akasimama upande wake wa geti na vibanio mkononi.

Hapo ndipo Shangazi alipokosea. Alikuwa amejiandaa njia nzima, nilimsikia akinong'ona maneno, lakini alipofungua mdomo lilitoka lile la mwisho kwanza.

"MamTolo," akamwita kwa jina la ukoo wa kwao, "tumekuja kwa ajili ya mtoto. Kuna ugonjwa. Lizo lazima apelekwe akapimwe."

"Mtoto ana mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeanza na mtoto."

Baba akakohoa, akaanza habari ya jeni, na mama mdogo akainua kibanio kimoja tu kama kidole, Baba akanyamaza. Jirani mmoja alikuwa ameshaegemea uzio wake. Mwingine akatoka na kiti kabisa.

"Huyo si yule wa vichwa wa Langa?" akamwuliza mwenzake, kwa sauti ya kutosha. "Leo naona chake ndicho kilicho motoni."

Mama mdogo hakucheka. Alimwambia Shangazi kwamba haombi pole, pole ameshazipata kwa watu wengine, zimemtosha. Anataka kitu kimoja. "Niambie kilichomuua mume wangu."

"Moyo," Shangazi akasema, chini chini.

"Sikusikii."

"Moyo wake."

"Makaburini hata waliokuwa kwenye basi walikusikia, wifi. Sema vilevile."

Namjua Shangazi tangu nizaliwe, na sijawahi kumwona akitafuta sauti. Siku ile aliitafuta. Alifungua mdomo mara mbili.  Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Niliwaza yale mapigo ya moyo wake ndani ya kisahani, mara mbili, kimya, mfululizo, nikaogopa ataanguka hapo getini. Baba alimshika kiwiko. Shangazi akakitoa.

Akageuka, akampa mama mdogo mgongo na uso akauelekeza barabarani kwenye watu.

"Mimi ni Nozuko wa Bhele," akasema, na sauti ikaja yote. "Nilisema huyu alimuua kaka yangu. Sikujua, nikasema kama mtu anayejua. Kilichomuua Mzimasi ni moyo wa kwetu. Tumeupata kwa baba yetu. Ninao mimi, nimeonyeshwa, nimeuona kwa macho yangu unavyopiga hovyo. Baba yetu alipoanguka walisema mama yangu alimla kwa uchawi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa namfuta machozi. Halafu nikakua, nikaja kumfanyia mwenzangu yale yale."

 Yule wa kwenye kiti aliinuka, akasimama kama mtu aliye msibani. Shangazi alikuwa bado ameelekea barabarani, machozi yanatiririka na hayafuti.

"Na zile nguo nyeusi?" mama mdogo akauliza nyuma yake.

Shangazi akatikisa kichwa. "Hilo sina la kulisemea."

"Basi usilisemee."

Mama mdogo aliokota beseni lake. Hakufungua geti. Alisema siku ya hospitali aambiwe, atamleta mtoto mwenyewe, kwa nauli yake, na asitumwe mtu wa kumchukua. Akaingia ndani. Tulirudi kwa miguu hadi kituoni, na Shangazi alitembea karibu na uzio, kama mtu anayependa asionekane, mwanamke ambaye maisha yake yote ametembea katikati ya barabara.

Lizo alipimwa. Siku ya majibu tulikaa kwenye korido, Shangazi kwenye kiti cha mwisho kabisa, viti vitatu vitupu katikati yake na mama mdogo. Hakuna aliyevikalia. Lizo, ambaye hakuwa na habari kwamba hapo kuna ugomvi, alipita mbele yetu sote akihesabu vigae.

Dokta Apollis hakuzunguka. Mtoto analo kosa lile. Mama mdogo alifumba macho akayafumbua. Shangazi alijikunja mbele, na nilimsikia akisema jina la Mzimasi. Lakini dokta alisema limegunduliwa mapema, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto huyu na watu wote walioanguka kabla yake. Ataangaliwa mara kwa mara, atapewa dawa, na mbio basi.

"Hata mpira?" Lizo akauliza.

"Hata mpira."

"Na ngoma?"

"Ngoma piga utakavyo."

Akafikiri, akaona biashara hiyo si mbaya sana.

Kisha dokta akaomba lile la pili. Wangependa damu ya Lizo nayo irudishwe utotoni na kuoteshwa kuwa moyo, kwa sababu mtoto na shangazi wana herufi ile ile lakini miili tofauti, na dawa inayomtuliza mmoja huenda isimtulize mwingine. Ni hiari. Asijibu leo kama hataki.

 Mama mdogo alinitazama mimi, akamtazama Baba, akaona hatumfai. Mwishowe akageuza shingo, juu ya vile viti vitatu.

"Wifi. Wewe ulizionaje hizo seli zako? Uliogopa?"

Lilikuwa swali la kweli. Si mtego. Nadhani ndiyo sababu lilimwelemea Shangazi kuliko yale ya getini. Alijibu huku anatazama magoti yake.

"Sikuogopa. Niliona haya."

 Mama mdogo akasimama, akamshika Lizo mkono, akamwambia dokta kwamba kabla ya kukubali anataka kuziona yeye mwenyewe, hizo za ukoo wa Bhele, na mtoto azione. Dokta akatangulia kufungua mlango wa maabara.

"Na wewe njoo," mama mdogo akamwambia Shangazi. "Uzione tena, tukiwepo." Akavua mkoba wake mzito begani akamnyooshea. "Nishikie huu."

Kwetu mke ndiye hushika mkoba wa wifi mkubwa, akatembea nyuma. Shangazi aliupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani, akawafuata.